Beta, Kipande Kisichofanya Kazi

Wenzangu mnaobaki kitivoni, mmeniomba niandike miaka yangu ishirini na saba ya kazi "kwa ajili ya kizazi kipya". Maneno hayo yamenitia shaka kidogo, kwa kuwa aliye mdogo kuliko wote kati yenu mlioniomba ana watoto watatu na kitambi. Hata hivyo nitaandika. Vyeo nitaviruka, maana matangazo yake mliyasoma ukutani, na kila mara mlijua ni nani aliyestahili badala yangu. Nitaeleza kwa ukamilifu jambo moja tu: jinsi Mama Vumilia, anayeosha vyombo vyetu, alivyokaribia kupoteza nafasi yake kwa sababu ya mzaha nilioutunga mimi mwenyewe, mbele ya ubao, nikiwa na afya njema na akili timamu.

Nilifika Goma nikiwa na shahada ya biokemia niliyoipata ng'ambo ya ziwa, shati jeupe, na imani kwamba nilikuwa nikisubiriwa. Labo ilikuwa chumba kimoja cha mawe meusi, kwa sababu mji huu haujawahi kutupa jiwe la rangi nyingine. Mkuu wake, Muzee Kamate, alinitazama kutoka juu hadi chini, akasoma cheti changu mpaka mhuri wa mwisho, kisha akanikabidhi kwa mwoshaji wa vyombo. Huyo alikuwa Mama Vumilia, wakati ule mwanamke kijana aliyeshuka kutoka milima ya Masisi akiwa na miaka miwili ya sekondari na mikono iliyochubuka kwa asidi.

"Assistant," aliniambia, "osha hizi éprouvettes."

Niliiosha mirija hiyo ya kioo kwa sabuni ya unga, kwa hasira, ikang'aa. Kesho yake Muzee alitayarisha kipimo cha fosfati. Katika kipimo hicho, mrija wenye maji matupu na dawa ya molibdeni lazima ubaki wazi, na ule wenye fosfati hugeuka buluu. Mrija wa maji matupu uligeuka buluu kama suruali ya mwanafunzi. Muzee hakunigeukia mimi.

"Vumilia, nani aliosha?"

"Ni licencié, Muzee," alijibu, akininyooshea kidole mimi na shahada yangu.

"Na sabuni ya unga?"

"Na sabuni ya unga. Tena kwa nguvu yote."

"Basi umufundishe. Pole pole, juu ana diplôme."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sabuni ya unga ilikuwa imejaa fosfati, jambo ambalo vitabu vyangu vyote vilikuwa vimelificha. Mama Vumilia alinifundisha kuloweka vyombo katika asidi hafifu, kisha kuvisuuza mara saba kwa maji ya mvua yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa tone kwa tone. Niliuliza kwa nini saba na si tano.

"Juu mpaka ile ya sita," alijibu, "uko bado unawaza mambo yako."

Sheria ya pili niliipokea kwa Muzee mwenyewe. Umeme wetu ulikuwa na tabia ya mgeni asiyeaga, kwa hiyo alikata mazoezi yote yakae ndani ya dakika kumi. "Jaribio linalozidi dakika kumi," alikuwa akisema, "si jaribio, ni maombi." Tulimcheka, tukamtii, na baada yake nikawatiisha wengine. Vizazi vya wanafunzi vimetoka kwetu vikiamini kwamba maumbile yote ya Mungu hukamilika katika dakika kumi.

Lava ya volkano iliposhuka mjini, sisi wasomi tulikimbia kila mmoja na alichokithamini. Mimi nilibeba diploma zangu. Mama Vumilia alivuka mpaka kwenda Gisenyi na watoto wake, na ndani ya kitenge cha mgongoni, juu ya mtoto, alikuwa amefunga vipimajoto vinne vya labo. Aliporudi alivirudisha rafuni, akaomba karatasi ya kusaini kwamba amevirudisha. Hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na diploma.

Muzee alipofariki nilirithi kiti, rafu, na somo la vimeng'enya. Sasa sina budi kuwarudisha darasani kidogo, hata ninyi mliolala wakati ule.

Ndani ya kila seli kuna kazi isiyokoma ya kubandika vialama vidogo, kaboni moja na hidrojeni tatu, juu ya vitu vingine: juu ya DNA, ili jeni fulani zinyamaze, juu ya RNA, juu ya protini na mafuta. Tunaiita methilisho. Vialama hivyo havitoki hewani. Hutolewa na molekuli moja, S-adenosilmethionini, ambayo wavivu wote wa dunia tunaiita SAM, nayo hutengenezwa kutokana na methionini ya chakula na ATP, molekuli ya nishati ya seli. Mtengenezaji wake, katika sehemu nyingi za mwili, ni kimeng'enya chenye vipande vya aina mbili. Alfa hushika methionini, hushika ATP, huziunganisha na kutema fosfati. Beta hukaa kando ya alfa. Ukiipa beta peke yake methionini na ATP, itavitazama tu mpaka viharibike. Kwa lugha ya vitabu, ni kipande cha kudhibiti. Juu ya inachodhibiti hasa, wataalamu bado wanavutana: wengine waliona kwamba beta humfanya alfa apunguze kasi mapema SAM inapojaa, wengine kwamba kasi haibadiliki sana, bali beta humshikilia alfa asilegee na kuharibika.

Mvutano huo ulikuwa mrefu kwa mhadhara wa saa mbili, hivyo mwaka mmoja niliufupisha. "Beta," niliwaambia wanafunzi, "ni yule bwana wa ofisini mwenye tai na mhuri. Alfa anafanya kazi, beta anakaa mlangoni anauliza una miadi." Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mtu akichekesha vizuri mara moja hurudia mpaka aaibike, na mimi sikuaibika upesi. Nilirudia kila mwaka. Mzaha ukatoka darasani, ukashuka ngazi, ukafika kantini. Mtu akichelewa kikao: "Beta amefika." Akiomba ruhusa: "Mwache, ni beta." Niliposikia neno langu midomoni mwa walinzi wa lango nilijiona mwandishi.

Ambaye alilipenda kuliko wote ni mkuu wa kitivo, tuliyemwita Doyen, daktari wa uchumi wa vijijini aliyekabidhiwa kitivo cha sayansi kwa muda, muda ambao sasa una miaka tisa. Kamati ya chuo ilipoagiza kila labo itaje nafasi moja "isiyozalisha" ili ifutwe mwisho wa muhula, Doyen aliniita, akanipa fomu ambayo alikuwa amekwisha kunisaidia kuijaza.

"Mama Vumilia," alisema. "Ni wewe mwenyewe ulitufundisha. Kila kitu kiko na alfa na beta. Saini hapa."

"Nitaitazama, Doyen."

"Unatazama nini? Anaosha vikombe!"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri, ambayo yote yalinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani. Fomu niliiweka katika mtoto wa meza, na kwa wiki tano sikuisaini wala kuirudisha, nikauita woga huo busara. Siri kwetu haikai. Siku moja Mama Vumilia alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni:

"Assistant, wanasema ile karatasi iko kwako."

"Iko."

"Na kalamu?"

"Kalamu nayo iko."

"Bon." Akaendelea kusuuza. Nilihesabu. Alifika saba.

Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuniita jina jingine isipokuwa Assistant, hata baada ya wengine wote kujifunza cheo changu kipya.

Muhula uleule nilikuwa nikiongoza mémoire, tasnifu ya mwisho, ya Furaha, binti wa wafugaji wa Rutshuru, mtu wa maneno machache ambayo kwa bahati mbaya yalikuwa ya kweli. Alichagua alfa na beta. Mwanafunzi wetu wa zamani aliyeko Ulaya alikuwa akitutumia kila mwaka, kwa hisani, vijimrija vya protini hizo mbili kwa ajili ya zoezi letu la dakika kumi. Mwaka huo, kwa kuwa uwanja wetu wa ndege umefungwa, sanduku lilipita Kigali, na mimi na Furaha tukaenda kulipokea mpakani. Afisa aliinua kifuniko, mvuke baridi ukamgonga usoni.

"Professeur, hii ni nini?"

"Protini."

"Ya ng'ombe ao ya samaki?"

"Ya mtu," Furaha akasema, kwa sababu kweli ilikuwa hivyo: protini za binadamu zilizotengenezwa ndani ya bakteria.

Afisa alikifunga kifuniko kwa vidole viwili. "Pitisheni. Pitisheni mbio. Mimi sikufungua kitu."

Barafu ya safari ilipoisha tuliziweka katika barafu ya wauza samaki wa Kituku, hivyo katika historia ya sayansi SAM yetu ndiyo pekee iliyonuka sambaza, vidagaa vya ziwa letu.

Nilimwambia Furaha afanye kama kawaida: dakika kumi, rangi, grafu, hitimisho. Hitimisho lilikuwa tayari katika notisi zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Prof, dakika kumi inaonyesha mwanzo tu. Naomba masaa mane."

"Courant ikienda?" nikauliza, nikikumbuka tabia ya umeme wetu.

"Mama Vumilia amesema ataangalia bafu ya maji ya mirija."

"Ataangalia na nini?"

"Na mbabula ya makaa."

Ninakiri nilicheka. Kisha nikakubali, kwa sababu ya uvivu, siyo kwa sababu ya upeo: kukataa kungehitaji niandike barua.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mirija mitatu ikae katika maji ya joto la mwili, nyuzi thelathini na saba: mmoja una alfa peke yake, wa pili alfa na beta, wa tatu beta peke yake. Kila baada ya nusu saa unachota tone kutoka kila mrija, unalipa methionini na ATP kwa zile dakika kumi takatifu, kisha unapima fosfati kwa rangi ya buluu. Buluu iliyokolea maana yake kimeng'enya bado kinafanya kazi.

Asubuhi ya kwanza umeme uliondoka kabla hatujafika tone la tatu. Mama Vumilia alikuwa amewasha mbabula nje ya dirisha, na kando yake sufuria mbili, ya maji ya moto na ya maji baridi. Alibeba bafu na mirija yake, akaliweka juu ya tofali, akatia kipimajoto, akaketi juu ya bidoni ya njano ya kuchotea maji. Kila dakika tano aliandika namba katika daftari la shule. Maji yakishuka, kikombe kimoja cha moto. Yakipanda, nusu kikombe cha baridi. Mimi nilitoka mara kwa mara kusimamia.

"Assistant," alisema hatimaye, "unanikatia mwanga."

Matone ya kwanza yalitoka kama nilivyotabiri. Alfa peke yake: buluu. Alfa na beta: buluu ileile. Beta peke yake: wazi kabisa.

"Unaona?" nilimwambia Furaha. "Bwana wa mhuri."

Aliandika tu kilichoonekana. Baada ya saa moja mrija wa alfa ulikuwa umepauka kidogo. Nikasema ni macho yanadanganya. Baada ya masaa mawili hayakuwa macho. Yalipotimia manne, alfa aliyeachwa peke yake alikuwa karibu wazi kama maji, na alfa aliyekaa na beta bado alikuwa buluu, imepungua, lakini buluu. Tulirudia siku ya pili na ya tatu. Nilitafuta kosa kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia kutafuta ukweli. Nilikagua vyombo: safi. Nilikagua daftari la joto: halikutoka nje ya nusu nyuzi, juu au chini, kwa siku tatu.

Basi katika mikono yetu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Beta haikutengeneza hata chembe moja ya SAM. Ilimfanya tu yule anayeitengeneza aendelee kuwapo mchana ukisonga, na seli haina zoezi la dakika kumi: hubandika vialama vyake siku nzima, na kila inapojigawa lazima DNA mpya ipewe vyake upya. Sikusema uongo darasani. Nilisema ukweli wa dakika kumi, nikauuza kama ukweli wa maisha, kwa sababu umeme wetu haukuniruhusu kuona zaidi na kicheko hakikunidai zaidi.

Utetezi wa tasnifu ya Furaha uliangukia siku ileile fomu ilipokuwa inafikia mwisho wake. Doyen aliongoza jopo. Pembeni yake alikaa profesa mgeni wa kemia, mwanaume mkavu aliyesoma kila ukurasa, tabia ambayo kwetu huhesabiwa kuwa ya uadui. Mimi nilikuwa wa tatu. Furaha alieleza kwa dakika ishirini, bila mzaha hata mmoja. Profesa mgeni akavua miwani.

"Mademoiselle, kazi yako yote imesimama juu ya joto lisilobadilika. Na wewe unaniandikia makaa. Ni nani aliyeshika joto hili?"

"Ni Mama Vumilia wa labo, Profesa. Daftari lake liko kwenye annexe, kurasa za mwisho."

"Aitwe."

Doyen akaniinamia sikioni. "Sasa tunahoji na waosha vikombe?" Lakini mgeni ni mgeni, na Mama Vumilia akaitwa. Aliingia na mabuti yake ya plastiki, amekausha mikono kwenye kitenge, akasimama pale wanaposimama wanafunzi.

"Mama, ulijuaje kwamba ni thelathini na saba?"

"Nilisoma thermomètre, Papa Profesa. Iko na namba."

Ukumbi ukacheka. Mgeni hakucheka.

"Na maji yakipoa?"

"Natia ya moto."

"Yakizidi?"

"Natia ya baridi. Kiloko, nusu kikombe."

"Kwa masaa manne? Siku tatu? Bila kukosea? Mama, mimi nina mashine inayoshindwa."

Alimtazama kama anayepima kama inafaa kumwambia.

"Mutoto wangu wa pili alizaliwa mbele ya muda, Papa. Hospitali haikukuwa na mashine ya kumupasha moto. Nilimuzungushia machupa ya maji ya moto, usiku na muchana, wiki tatu. Hii ya Furaha ilikuwa masaa mane tu, na tena protini hailie."

Profesa mgeni alivaa miwani, akageuza daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho, akasema hana swali tena. Furaha alipata alama ambazo kitivo hakijazitoa kwa muda mrefu, na Doyen alizitangaza kwa Kifaransa kirefu, kana kwamba makaa yalitoka jikoni kwake.

Nje ya ukumbi Doyen alinishika mkono. "Très bien, très bien! Ile karatasi, naiona leo mbele ya saa tisa."

"Doyen, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia ya enzimu. Karatasi ni ya watu."

Nilikaa mbele ya fomu. Kutosaini hakungemwokoa Mama Vumilia, kwa kuwa Doyen angesaini mwenyewe. Fomu ilidai jina moja kutoka labo, na labo ilikuwa na watu watatu: Mama Vumilia, mlinzi wa jenereta iliyokufa zamani, na mimi. Kwa kuwa nimeahidi ukamilifu, nitasema kwamba nililikata jina la Mama Vumilia, na juu yake nikaandika la mlinzi kwa penseli. Kisha nikakumbuka kuwa ni shemeji wa Doyen, na kwamba karatasi hiyo isingefika mbali zaidi ya meza yake. Nilipolifuta, lilisalia jina moja tu ambalo ningeweza kuliandika. Katika safu ya sababu niliandika: "Anarudia dakika kumi zilezile tangu aajiriwe." Nikasaini mara mbili, kama mkuu wa labo na kama aliyetajwa.

Doyen aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Wewe? Lakini ni wewe unafanya kazi!"

"Ndivyo nilivyofundisha, Doyen."

Alitafuta kifungu cha kukataa. Hakikuwapo. Kamati ilitaka nafasi moja, ikaipata, na ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoomba. Furaha ndiye mliyepewa sasa kuongoza mazoezi, na nasikia yanachukua nusu siku na mnalalamika. Endeleeni kulalamika.

Msinipambe kwa jambo hili. Mwenye ujasiri angesema hapana wiki tano mapema, akabaki na kazi yake na yule mama akabaki na usingizi wake. Mimi nilisubiri mpaka njia zote za heshima zilipofungwa, nikatoka kwa ile iliyobaki.

Nilishuka labo kumpa Mama Vumilia habari. Alikuwa na beseni la asidi mbele yake. Nilimweleza yote, pamoja na penseli. Alisikiliza bila kuacha kusuuza, akapanga mirija yote kichwa chini kwenye kitambaa, kisha akakausha mikono taratibu.

"Sawa," alisema. "Ile blouse ni ya labo."

Nilikuwa bado nimevaa koti jeupe la labo. Nikalivua. Alilipokea, akanusa kola, akatikisa kichwa, akaenda kuliloweka.